Triatloni: hujajiandaa kwa lipi hasa?

Leo mniwie radhi, wasomaji wangu, maana mada si seva wala hifadhidata. Ni triatloni. Kwa asiyejua: ni mchezo wa kuogelea, kisha kuendesha baiskeli, kisha kukimbia, vyote siku moja, na saa inahesabu hata ule muda unaofunga kamba za viatu. Mimi na mwenzangu mmoja wa kazini hapa Nakuru tumejiandikisha kwa umbali unaoitwa nusu Ironman: kuogelea ziwani kilomita 1.9, baiskeli kilomita 90, kukimbia kilomita 21.1. Ada tumeshalipa. Zimebaki wiki tisa. Na kila asubuhi tukikutana kwenye chai neno lake ni moja: "Kaka, mimi sijajiandaa."

Nimelisikia neno hilo mpaka nimeanza kulichunguza kama ninavyochunguza ripoti ya hitilafu. Mteja akipiga simu na kusema "mfumo wenu haufanyi kazi", hajakuambia kitu bado. Haufanyi kazi wapi? Ukibonyeza nini? Kwa watu wote au kwako peke yako? "Sijajiandaa" nayo ni hivyo hivyo. Ni malalamiko yasiyo na anwani.

Maoni yangu, na najua wapo watakaobisha, ni haya: mtu anaweza kwenda kwenye triatloni ndefu akiwa hajajiandaa vizuri kwa baiskeli, na hajajiandaa vizuri kwa mbio, na asiwe amefanya jambo la kipumbavu. Asiyejiandaa kwa maji asiingie majini, hata kama ada imelipwa na ndugu wote wameshaambiwa. Sisi wa Bonde la Ufa tunaogopa kinyume chake. Tunaogopa kuaibika kwenye mbio, na maji tunasema "tutajua huko huko".

Tuanze na hesabu, kwa sababu hofu nyingi huyeyuka ukiipa namba. Mashindano haya yana muda wa mwisho kwa kila hatua. Kwa kawaida, katika nusu Ironman unapewa saa 1 na dakika 10 kutoka majini, saa 5 na nusu tangu mwanzo kumaliza baiskeli, na saa 8 na nusu kumaliza vyote (kila mwandaaji ana kanuni zake, zisome mwenyewe). Huo ndio mkataba. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima ufanane na mtu fulani.

Sasa gawanya. Kilomita 21.1 mwishoni: hata ukitoka kwenye baiskeli sekunde ya mwisho kabisa, una saa 3. Toa dakika 5 za kubadilisha viatu. Inabaki dakika 8 na sekunde 18 hivi kwa kila kilomita. Jamani, huo ni mwendo wa mtu anayewahi matatu! Baiskeli: ukitoka majini dakika ya 70 na ukatumia dakika 10 kubadilisha nguo, unabaki na saa 4 na dakika 10 kwa kilomita 90, yaani kama kilomita 21.6 kwa saa. Hiyo si mchezo kwenye vilima, lakini kijana anayepeleka maziwa kwa baiskeli kutoka Njoro hataona ajabu. Na kuogelea: dakika 70 kwa mita 1,900 ni dakika 3 na sekunde 41 kwa kila mita 100. Cha kuchekesha ni kwamba Ironman kamili, yenye kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za mbio, inakupa saa 2 na dakika 20 majini. Ukigawanya unapata dakika 3 na sekunde 41 zile zile.

Kwa nini basi mwenzangu anaogopa mbio? Kwa sababu ya mahali tulipozaliwa. Ukiishi saa chache tu kutoka Kaptagat, kukimbia kwako kunapimwa kwa kipimo cha Eliud Kipchoge aliyemaliza kilomita 42.2 kwa saa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, au cha marehemu Kelvin Kiptum na saa zake 2:00:35 za Chicago, Oktoba 2023. Mtu wa kawaida wa ofisini anajipima kwa hao, anajiona hafai. Ni kama kununua kompyuta ndogo ya kuandikia barua kisha ukaanza kulia kwamba si kama seva za Google. Kipimo kibaya hutoa jibu baya, hata kama chombo ni kizima.

Halafu tusisahau kwamba tunakaa juu. Nakuru iko kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huku ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Mapafu yaliyozoea kupanda njia ya kwenda Menengai asubuhi na mapema si mapafu ya kudharau.

Sasa maji. Hapa nataka nikae kidogo.

Tazama ramani ya eneo letu. Tuna maziwa kila upande: Nakuru, Elmenteita, Naivasha, Bogoria, na ukienda mbele kidogo, Baringo. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa haya yamepanda mpaka yakameza barabara, nyumba na hata lango la zamani la Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Maji yametufuata mpaka mlangoni, na bado hakuna anayeogelea! Na sababu ni za maana. Ziwa Nakuru liko ndani ya hifadhi ya wanyama, na maji yake ni ya magadi, sawa na Elmenteita na Bogoria (Bogoria ina chemchemi za maji yanayochemka juu yake). Naivasha ni maji baridi matamu, lakini viboko wamefika kabla yako. Baringo nako ni viboko pamoja na mamba. Kwa hiyo mtoto wa Nakuru anakua akitazama maji kama mtu wa bara anavyotazama bahari kwenye kalenda.

Kinachobaki ni mabwawa ya hoteli na vilabu. Kiingilio si cha kila siku kwa mshahara wa kawaida, na mengine hayafiki hata mita 25. Kwenye bwawa la mita 25, kilomita 1.9 ni kwenda mara 76 kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye la mita 20, mara 95. Ukifika ya 40 umeshapoteza hesabu, na watoto wa sherehe ya kuzaliwa wameshakurukia kichwani.

Lakini tatizo la bwawa si ufupi wake. Tatizo ni kwamba bwawa linakudanganya. Sisi waandishi wa programu tuna kisingizio chetu cha zamani: "kwenye kompyuta yangu inafanya kazi." Bwawa ndilo kompyuta yako. Lina mstari mweusi chini wa kukuonyesha njia. Lina ukuta kila baada ya nusu dakika, na kila ukigusa ukuta unapumzika bila kujua kwamba umepumzika. Ukichoka, unasimama, na miguu inafika chini. Ziwani hakuna mstari, hakuna ukuta, hakuna chini. Unapaswa kuinua kichwa kila baada ya mikono kadhaa kutafuta boya, la sivyo unaelekea kijiji kingine. Watu mia kadhaa wanaingia pamoja nawe, mmoja anakupiga teke la miwani, mwingine anapita juu ya mgongo wako. Mtu aliyeogelea mita 1,900 bwawani kwa raha anaweza kufika mita 150 ziwani akaanza kuhema ovyo, na kuhema ovyo majini si jambo la kuhadithiana kwa kicheko.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la tiba la Marekani, Annals of Internal Medicine. Wataalamu walikusanya matukio ya triatloni za Marekani kuanzia 1985 hadi 2016 ya watu waliokufa ghafla, waliosimama moyo wakaokolewa, na waliokufa kwa ajali. Walipata 135. Kati ya hayo, 90 yalitokea majini. Theluthi mbili, katika sehemu ambayo ndiyo fupi kuliko zote! Tuwe wakweli pia: hatari kwa jumla ni ndogo, kama watu 1.74 katika kila washiriki 100,000, na wengi waliopatwa walikuwa wanaume wa umri wa kati, wengine wakiwa na matatizo ya moyo ambayo hawakuyajua. Kwa hiyo sisemi kila asiyejua kuogelea vizuri atakufa. Nasema ukitaka kujua hofu yako uiweke wapi, namba zinaonyesha kidole upande mmoja.

Mtu ataniuliza: na barabara je? Swali zuri. Katika utafiti huo vifo 15 vilikuwa vya ajali. Na kwetu huku ningesema baiskeli ni hatari zaidi kwenye mazoezi kuliko siku yenyewe, kwa sababu siku ya mashindano barabara hulindwa, lakini hakuna anayekulindia barabara ya kuelekea Salgaa na malori yake ya Malaba. Sisi tuliikimbia. Tunatumia njia ya Mogotio, karibu kilomita 80 kwenda na kurudi: unateremka mpaka penye alama ya ikweta, unakunywa soda, kisha unalipia mteremko wote kwa kuupanda jua likiwa kali. Nusu ya mazoezi yetu ya baiskeli ni huo mlima wa kurudi.

Sasa niwakumbushe watu wawili, kwa sababu wanaeleza jambo hili kuliko mimi.

Wa kwanza ni wa kwetu. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret, alichukuliwa mwaka 1996 akapelekwa Ufini kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa mbao. Hakuwa ameiona theluji kabla ya hapo. Miaka miwili baadaye, Februari 1998, alisimama kwenye mstari wa kuanzia wa kilomita 10 katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza kufika huko. Alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Dæhlie alimngoja kwenye mstari wa mwisho akamkumbatia, na Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Tukipenda lugha yetu ya kompyuta: maunzi yalikuwa ya daraja la kwanza, programu ilikuwa ya miaka miwili. Mapafu ya Bonde la Ufa hayakuweza kuziba pengo la ufundi. Lakini angalia alichopoteza kwa kutokuwa tayari: dakika 20. Theluji haizamishi mtu. Akaenda tena Salt Lake City 2002 na Turin 2006.

Wa pili ni Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Huyu alijifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000, kwenye bwawa la hoteli mjini Malabo. Bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza huko huko Sydney. Wenzake wawili wa kundi lake walitolewa kwa kuruka kabla ya ishara, akabaki peke yake, akaogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Dunia nzima ilicheka, kisha ikampigia makofi. Watu wanakumbuka makofi. Mimi nikiitazama ile video naangalia mita 15 za mwisho, ambapo mikono inaingia majini lakini mwili hausogei. Hapo hakuwa mtu anayeshindana, alikuwa mtu anayeutafuta ukuta. Na alikuwa na ukuta, na waokoaji hatua chache pembeni. Kasi yake, ukiitazama kwa hesabu, ni karibu mara mbili ya ile dakika 3:41 tunayohitaji sisi. Aliweza kuishikilia kwa mita 100. Sisi tunatakiwa kushikilia nusu yake kwa mita 1,900. Ndiyo maana swali la maji si "una kasi gani?" Swali ni "unaweza kukaa humo saa nzima ukiwa mtulivu?"

Katika kazi yetu hakuna mfumo unaozinduliwa ukiwa umekamilika. M-Pesa ilifanyiwa majaribio kuanzia Oktoba 2005 na kuzinduliwa Machi 2007, na haikuwa na hata nusu ya mambo unayoyatumia leo. Huduma ya akiba na mikopo ya M-Shwari ilikuja Novemba 2012. Lipa na M-Pesa, 2013. Hakuna aliyelalamika kwamba ilizinduliwa bila hayo. Lakini kuna kitu kimoja ambacho kisingeweza kusubiri toleo la pili: pesa uliyotuma isipotee njiani. Kila mradi una hitilafu za aina hizo mbili. Moja inakera, unaomba radhi na kuirekebisha Jumatatu. Nyingine ikishatokea hairudishiki. Msimamizi mbaya wa mradi huzihesabu zote kwa idadi: "tumebakiza hitilafu 12." Kumi na mbili zipi, bwana?

Kushuka baiskeli na kuisukuma mlimani ni hitilafu ya kwanza. Kutembea kilomita 10 za mwisho pia. Kukatwa na muda kwenye kilomita ya 80 ni uchungu, lakini unapanda gari la waandaaji na unakunywa chai. Hata wale waanzilishi wenyewe kule Hawaii, tarehe 18 Februari 1978, walianza 15 na wakamaliza 12. John Dunbar, aliyemaliza wa pili, aliishiwa maji njiani kwa sababu wasaidizi wake walimaliza akiba, wakampa bia. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Huwezi kuniambia Dunbar alikuwa amejiandaa kikamilifu, na hakuna aliyemwambia asianze.

Kwa hiyo wiki tisa hizi tumezigawa kwa upendeleo wa wazi. Mbio tumezipunguza, mara mbili kwa wiki. Baiskeli mara moja, Mogotio, tukijizoeza kula tukiwa juu ya tandiko: wataalamu husema gramu 60 hivi za wanga kwa saa, na hiyo ni ndizi mbili na nusu za wastani, kitu ambacho soko la Nakuru halijawahi kukosa. Siku nne ni za maji. Na mwalimu wetu wa kuogelea, mzee mmoja asiye na maneno mengi, hajatupa mazoezi ya kasi hata siku moja. Anatutaka tutoe pumzi ndani ya maji, polepole, mpaka iwe tabia. "Vijana, nyinyi mnapigana na maji," alituambia siku ya kwanza. "Maji hayajawahi kushindwa."

Ametufundisha pia mambo ambayo kanuni zinayaruhusu na watu wengi hawajui. Unaweza kuogelea mtindo wowote, hata wa chura. Unaweza kugeuka chali ukaelea. Unaweza kuinua mkono na kushika mtumbwi wa waokoaji ukapumzika, na hutolewi mashindanoni mradi mtumbwi haukusogezi mbele. Mwenzangu aliposikia hilo uso wake ulibadilika. Kumbe alikuwa anadhani ukigusa chochote umefukuzwa, na wazo hilo pekee lilikuwa linambana kifua kabla hata ya kuvua viatu.

Kuhusu wiki mbili za mwisho sina mengi ya kusema. Mwili hauwezi kujenga nguvu mpya kwa muda huo, unaweza tu kuchoka. Anayeogelea mita 3,000 siku tatu kabla ya mashindano ili "kufidia" anafanana na yule anayebadilisha msimbo Ijumaa saa kumi na moja jioni. Tunawajua.

Mtihani wetu ni wiki ya sita, na una sehemu mbili. Kwanza mita 1,900 bwawani bila kusimama, chini ya dakika 65. Pili, tutashuka Mombasa tukaogelee nusu saa baharini, mtumbwi ukiwa kando, mahali ambapo miguu haifiki chini. Atakayeshindwa sehemu yoyote haingii ziwani. Mashindano yetu yanaruhusu timu ya watu watatu, mmoja aogelee, mmoja aendeshe, mmoja akimbie, na mwandaaji anakubali kubadilisha jina mpaka wiki mbili kabla. Binamu ya mke wangu, aliyezaliwa na kukulia Likoni, yuko tayari kuogelea kwa niaba ya yeyote kati yetu. Nilipompigia simu hakuuliza umbali. Aliuliza nauli ni ya nani.